Ng'ombe Mmoja, Kamba Mbili

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, leso mbili na dakika tano za kuzungumza. Saa inatembea vizuri na leso nimeshaanza kuzivaa, lakini zile dakika tano zilikuwa matusi. Mtu hawezi kufundisha kompyuta Kitale miaka yote hiyo halafu aambiwe amalize kabla soda hazijapata joto. Kwa hiyo nimeketi kwangu, kwenye meza ya kulia chakula, na nitayaandika niliyotaka kusema. Ninyi mliobaki katika idara, someni mkipata nafasi. Ya vyeo na mshahara sitayagusa. Yako ofisini katika faili langu, na faili lenyewe ni jembamba.

Niliajiriwa kufundisha taipu. Wengi wenu hamlijui hilo kwa sababu mlinikuta tayari naitwa Madam Java, kwa ile lugha ya kuandikia programu, jina nililojifanya kulichukia. Hicho chumba mnachokiita maabara kilikuwa na taipureta ishirini na nne, na zote zikipigwa kwa pamoja ulikuwa husikii mvua juu ya mabati. Wanafunzi niliwafunika mikono kwa kitambaa ili wasichungulie herufi. Aliyetumia vidole viwili nilimwambia aende jikoni akachambue maharagwe. Jicho langu liliona koma iliyopotea kutoka mlangoni, na bado linaona, kwa hiyo msidhani sikuyaona matangazo yenu ubaoni.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa stensili. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, stensili ni karatasi yenye nta. Unaipiga taipu bila utepe, herufi zinatoboa ile nta, kisha unaifunga kwenye mashine ya kurudufu na kuzungusha mkono wa mashine. Kila mzunguko mmoja, nakala moja. Nilirudi nyumbani na wino hadi kwenye viwiko na sikuona haya yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili taipureta zote zilibebwa kwa siku moja zikarundikwa stoo, na mahali pake zikaletwa kompyuta kumi na mbili zilizokwisha kutumika kwingine. Mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa useremala tangu ujana wake, na kitu asichoweza kukishika kwa mkono hakukiamini.

"Madam, wewe si unajua hiyo kibodi?"

"Naijua vizuri sana, Bwana Mkuu."

"Basi utafundisha diploma ya kompyuta. Mpaka hiyo ya kuandika programu." Akafunga faili. "Lakini nikuambie ukweli. Hiyo darasa ya kwanza ikianguka karatasi ya programu, hiyo room naipatia watu wa ushonaji. Mashine zao zinanyeshewa kwa veranda."

Hakuwa anatania. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamejiandikisha, na karibu hapo hapakuwa na chuo kingine ambacho wangehamia kumalizia. Tungeanguka, wangerudi kwao mikono mitupu, nami ningebaki kugawa chaki. Nilisema sawa kwa sauti kubwa, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo. Nilikuwa sijui programu inaanzia upande gani wa karatasi.

Nikasikia habari za mwalimu mmoja Bungoma, Mzee Barasa, aliyefundisha hesabu sekondari hadi akachoka, akakodi chumba juu ya duka la dawa za mifugo. Nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa miezi minane. Wenzangu darasani walikuwa rika la watoto wangu, na waliniita mathe mpaka siku waliponiona nikipiga kibodi. Kutoka siku hiyo nikawa Madam.

Barasa alikuwa na kompyuta tatu tu, na alizifunika shuka hadi saa sita mchana. Asubuhi yote ilikuwa kalamu na karatasi. Unaandika programu yako kwa mkono, unasimama mbele ya watu, unaisoma mstari kwa mstari. "Usiniambie umeandika nini, hiyo naona," alikuwa akisema. "Niambie mashine itafanya nini." Ukisema "nadhani", unaambiwa ukae chini. Nilimchukia kwa wiki sita nzima. Leo nikiandika jina lake nasimama kidogo kwa heshima, ingawa magoti hayapendi.

Kilichonitoa jasho ni klasi na objekti. Siku hiyo Barasa alichora mstatili ubaoni akaandika juu yake Ng'ombe, na ndani yake: jina, kijiji, baba.

"Hii ndio klasi," akasema.

"Huyo ng'ombe ni wa nani?" nikauliza.

"Si wa mtu. Hii si ng'ombe."

"Kama si ng'ombe, mbona umeandika ng'ombe?"

Wale vijana walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Barasa hakucheka. "Madam, hii haitoi maziwa. Inasema tu ng'ombe yeyote akikuja hapa lazima akuwe na nini. Ng'ombe mwenyewe anakuja ukiandika new. Huyo sasa ndio objekti. Ni lahisi tu."

Kwangu haikuwa rahisi hata kidogo. Nilirudi Kitale kichwa kinaniuma. Siku mbili baadaye niliingia stoo kutafuta chaki, na hapo, juu ya taipureta zangu maskini, nikaona stensili ya zamani ya fomu ya kujiunga na chuo. Jina, nukta nukta nukta. Kijiji, nukta nukta nukta. Nikapiga ukelele peke yangu humo stoo. Hakuna mtu aliyewahi kujaza jina lake juu ya stensili, lakini kila fomu iliyojazwa pale chuoni ilitoka kwake. Stensili ndiyo klasi. Fomu ya mtu fulani, yenye jina lake na kijiji chake, ndiyo objekti. Na neno new ni kule kuzungusha mkono wa mashine mara moja. Kitu nilichokuwa nikihangaika nacho nilikuwa nimekifanya kwa mikono yangu miaka kumi na saba!

Sikuweza kungoja Jumamosi. Nilikimbia hadi kibanda cha simu nikampigia Barasa.

"Hapo umeshika," akasema. "Lakini chunga hiyo stensili yako, Madam. Kalatasi si ng'ombe."

Nilidhani anaona wivu.

Nilipoanza kufundisha niliingia darasani na rundo la fomu tupu, na ndani ya wiki moja wanafunzi wote kumi na mmoja walikuwa wameelewa jambo lililonichukua mimi miezi. Nilivimba kichwa, sitaficha. Mitihani midogo waliipita yote. Ikabaki kazi ya mwisho: darasa litengeneze programu moja ya mtu mwenye shida ya kweli, kila mmoja aandike sehemu yake, kisha mtahini kutoka Nairobi aje awahoji mmoja mmoja.

Mwenye shida tulimpata Kimilili. Alikuwa daktari wa mifugo aliyezunguka kule chini ya mlima akiwapandisha ng'ombe wa watu kwa sindano. Kumbukumbu zake zilikuwa katika madaftari, na madaftari yalikuwa yamenyeshewa, yamekanyagwa, na moja lilikuwa limeliwa na mbuzi. Tatizo lake kubwa ni kwamba hakuweza kujua tena ng'ombe yupi ni binti wa fahali yupi. Ukimpandisha ng'ombe kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, unapata ndama dhaifu, na mwenye ng'ombe hatakusahau. Programu yetu ilitakiwa kumweka kila ng'ombe na baba yake, na daktari akitaka kupandisha, ikatae endapo fahali ni baba.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo. Ndama akizaliwa, kijiji ni kile kile cha mama yake, mwenye boma ni yule yule, na mara nyingi hata aina ni ile ile. Wanafunzi wakalalamika kwamba kuyaandika yote upya kunachosha. Hapo yule sekretari wa ndani yangu akaamka. Sekretari akitaka barua ya pili inayofanana na ya kwanza haanzi mwanzo. Anaichukua ya kwanza, anabadilisha jina na tarehe, kazi imekwisha.

"Andikeni kwamba ndama ni sawa na mama," nikawaambia. "Halafu mbadilishe jina na baba. Sekretari yeyote hufanya hivyo."

Sehemu ya ndama ilikuwa ya Chemutai, msichana wa Cheptais, mkimya, wa kuketi pembeni na kuandika kwa mwandiko mdogo. Aliinua mkono nusu, akaushusha. Kisha akaandika nilivyosema. Kompyuta haikulalamika, nami nikachukulia kwamba imekubali. Wenzangu, kompyuta kunyamaza maana yake ni kwamba umeandika kitu inachoweza kukifanya. Kama ndicho ulichotaka, hiyo ni shauri yako.

Siku kumi kabla ya mtahini, daktari alikuja kuiona programu yake, na buti zake zikaacha matope hadi mbele ya ubao. Tulimkalisha kwenye kompyuta bora. Akamsajili ng'ombe mmoja wa Kimilili aitwaye Maua, binti wa fahali Kapteni. Akamsajili ndama wa Maua, Tumaini, binti wa fahali Jemedari. Wanafunzi walisimama nyuma yake wakitabasamu. Kisha akaomba aonyeshwe orodha ya ng'ombe wote.

Orodha ikasema: Tumaini, binti wa Jemedari. Tumaini, binti wa Jemedari.

Daktari akasogeza uso karibu na kioo. "Madam, Maua ameenda wapi? Si nimemwacha asubuhi akikula majani?"

Akarudi kwenye kibodi, akajaribu kumpandisha Maua kwa Kapteni.

"Na hii inasema naweza pandisha yeye na Kapteni. Kapteni ni babake, bana. Hii kitu mkinipatia, watu watanifukuza na mapanga."

Akaondoka kwa adabu, na adabu yake iliniuma kuliko matusi. Nami nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka mashavu yananiwaka. Nilimgeukia Chemutai mbele ya wote nikamwambia ameharibu kazi ya wenzake. Akatazama chini.

Siku mbili tuliwinda koma na mabano. Nilipita nyuma ya kila kiti na jicho langu la taipu, na kosa la kuandika halikuwepo hata moja. Siku ya pili Mkuu aliingia na fundi, hodi hakupiga, wakaanza kupima ukuta kwa futi ya kamba. "Hapa zitaingia cherehani nane," fundi akasema. Mwanafunzi mmoja akaacha kupiga kibodi. Nilitaka kumpiga yule fundi kwa rula, lakini alikuwa anatumwa tu.

Asubuhi ya tatu nilizima kompyuta zote. Nilikuwa nimeishiwa, na mtu akiishiwa hurudia alivyofundishwa. Nikafunika mashine, nikagawa karatasi, nikasema kama alivyosema Barasa: kila mtu asome sehemu yake kwa sauti, aseme mashine itafanya nini. Asiseme "nadhani". Ikafika zamu ya Chemutai. Akasimama ubaoni na chaki.

"Hapa kuna new. Maua anazaliwa." Akachora sanduku moja, akaandika ndani Maua, na kutoka kwenye sanduku akachora mstari mrefu, mwishoni mwake akaandika mama. "Hii ni kamba ya kumshika."

"Endelea."

"Hapa tumesema ndama ni sawa na mama." Akachora mstari wa pili, akaandika mwishoni ndama, na ncha yake ya pili akaifunga kwenye sanduku lile lile.

"Na ndama mwenyewe yuko wapi?"

"Hakuna ndama, Madam. Hakuna new. Ni kamba ingine tu, ng'ombe ni ule ule."

Nikamwambia aeleze tena, na mara hii akawaangalia wenzake.

"Baba yangu hawezi weka ng'ombe zake zote boma moja, kwa sababu ugonjwa ikikuja itamaliza zote. Zingine ameweka kwa rafiki yake hapa chini. Kuna moja, sisi tunaita Nyota. Wale wa huko wanaita Safari. Sasa wale wakikata Safari pembe, siku baba yangu ataenda kuona Nyota, atapata Nyota hana pembe. Hawezi sema, ati mlikata Safari, mbona Nyota pia? Ni majina mbili, lakini ng'ombe ni moja. Sisi tulishika kamba ya ndama, tukabadilisha jina na baba. Tulikuwa tunabadilisha Maua mwenyewe."

Barua ukiitoa nakala, kuna karatasi mbili mezani, na ukiifuta hii ile haidhuriki. Lakini katika Java jina si karatasi. Jina ni kamba tu, na kusema hili ni sawa na lile ni kufunga kamba ya pili kwenye shingo ile ile. Hicho ndicho Barasa alichokuwa akinionya, nami nikamfanya mtu wa wivu.

"Mbona hukusema siku ile?" nikamuuliza Chemutai.

"Nilitaka kusema. Ulisema sekretari yeyote hufanya hivyo."

Niliona haya, haya ya kutaka sakafu ifunguke. Katika miaka yangu yote ya ualimu nilikuwa sijawahi kumwomba mwanafunzi msamaha mbele ya wenzake, na sikujua maneno yanapangwaje. Nikasema tu: "Chemutai, kosa lilikuwa langu, si lako. Nisamehe." Akasema, "Ni sawa, Madam," akarudi kuketi. Halafu mtu fulani nyuma akaanza kupiga makofi, wakapiga wote, na mimi nikapiga pia.

Tulifanya kazi wiki hiyo kama watu wanaookoa mahindi kabla ya mvua. Ndani ya klasi ya Ng'ombe tuliandika njia ya kuzaa: kila ndama aje kwa new yake, kisha kijiji na mwenye boma achukue kwa mama. Tukapita programu yote tukiuliza kila mahali, hapa ng'ombe ni wangapi na kamba ni ngapi. Swali hilo likawa salamu. Mtu akiingia asubuhi badala ya "Sasa?" anaulizwa, "Kamba ngapi?" Daktari akarudi, akamsajili Maua, akamsajili Tumaini, akaagiza orodha. Wote wawili wakasimama pale, kila mmoja na baba yake. Akajaribu kumpandisha Maua kwa Kapteni na programu ikamkatalia. Alicheka hadi akavua kofia.

Mtahini alifika siku yake, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, asiyetaka chai. Akamhoji mwanafunzi wa kwanza vizuri. Akamhoji wa pili. Wa tatu alipoketi tu, stima ikapotea, mji mzima.

Tulingoja saa moja. Mtahini akaangalia saa. "Madam, nina kituo kingine leo. Hawa wengine nitaandika kwamba sikuona kazi yao. Pole."

Nilimwona Mkuu mlangoni. Nikachukua chaki, nikamnyooshea mtahini. "Mheshimiwa, mashine ndiyo imezimika, wao bado wanawaka," nikasema. "Waulize ubaoni. Asiyejua programu yake bila stima, hata stima ikiwepo haijui."

Aliniangalia kama anayetafuta ujanja. Kisha akampa wa tatu chaki.

Laiti mngekuwepo! Mmoja baada ya mwingine walisimama pale, wakachora sanduku, wakachora kamba, wakasoma mistari yao kutoka kichwani na kusema mashine itafanya nini. Hakuna aliyesema "nadhani". Aliwatega kushoto, wakaruka. Aliwatega kulia, wakaruka. Mwisho akaja Chemutai, na sauti yake ile ndogo. Mtahini akamuuliza:

"Ng'ombe mmoja yuko kwa orodha ya Kimilili. Nikimweka pia kwa orodha ya Bungoma, nina ng'ombe wangapi?"

"Mmoja. Hujaandika new. Umeongeza kamba."

"Nikibadilisha jina lake kwa orodha ya Bungoma?"

"Hata Kimilili limebadilika."

Mtahini akavua miwani. "Na nikikata kamba zote?"

Hilo sikuwa nimewafundisha. Halikuwa katika silabasi. Nilishika kiti.

Chemutai akafuta kamba zote ubaoni. "Hakuna mtu atamfikia tena. Hata kama bado yuko, programu haiwezi kumwona. Mashine itamfagia, ipatie wengine nafasi. Kwetu ng'ombe hana kamba na hana mwenyewe, huyo ni wa fisi."

Mtahini alicheka, cheko la kweli, akaandika kwa muda mrefu. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono na kuniambia kwamba nimefanya kazi. Halafu akaiomba chai aliyoikataa.

Matokeo yalikuja baada ya wiki nyingi za kukosa usingizi. Mkuu aliyasoma mwenyewe mbele ya chuo kizima, polepole, kwa kidole. Karatasi ya programu: waliofanya, kumi na mmoja. Waliopita, kumi na mmoja. Nilipiga vigelegele mimi, mwanamke mzima mwenye viatu vya ofisi, nikazunguka uwanja, na watu wa ushonaji wakanifuata wakiimba ingawa chumba walikuwa wamekikosa. Niliwapenda sana siku hiyo. Muhula uliofuata walijengewa paa lao, na nilihakikisha nimekuwepo likizinduliwa.

Miaka mingi imepita tangu hapo, na yote nimeifundisha katika chumba kile. Lakini mkiniuliza siku nitakayoibeba, ni asubuhi ya kuandikisha darasa la pili. Nilifika mapema nikakuta foleni imetoka mlangoni kwangu, imepita ofisi, imefika kwenye bomba la maji. Walikuwa wametoka Kitale, Kimilili, Bungoma, na kule juu Cheptais. Nilikuwa sijafungua hata kitabu cha majina alipokuja Mkuu, suti imepigwa pasi, amemshika mkono msichana.

"Madam, huyu ni wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimempangia ushonaji. Amekataa. Si umwandike tu hapa haraka haraka?"

Nilimwambia foleni inaanzia kule kwenye bomba. Aliniangalia, akaiangalia foleni, akarekebisha tai. Kisha mkuu wa chuo akampeleka bintiye hadi mwisho kabisa, akasimama naye pale juani mpaka zamu yao ikafika.